Mke wangu hataki tena kulala hemani pwani, nami nataka turudi Tanga

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi na nina duka dogo la spea za magari. Naandika kwa sababu nyumbani kuna mvutano ambao nilidhani utaisha wenyewe, lakini kadiri likizo ya Juni inavyokaribia ndivyo unavyozidi.

Desemba ya mwaka juzi niliipeleka familia yangu Tanga. Watoto walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Nilinunua hema kubwa la mtumba pale sokoni, nikaona picha za kambi moja ya ufukweni kwenye simu, nikalipa kwa M-Pesa, tukapanda Noah yetu tukaondoka. Kambi yenyewe siitaji. Tulichelewa njiani, tairi lilituzingua Hedaru, tukafika saa mbili usiku. Mwezi ulikuwa umejaa, mbalamwezi kali hata hatukuhitaji tochi. Mlinzi akasema tuweke hema popote tunapopenda. Nikachagua mahali pazuri mbele kabisa, mchanga mgumu, tambarare, vigingi vikashika vizuri. Bahari ilikuwa mbali, tunaisikia tu.

Saa kumi usiku mke wangu alinishtua. Maji yalikuwa ndani ya hema. Godoro limelowa, nguo zimelowa, yule wa miaka minne (wakati ule alikuwa na miwili na nusu) analia. Wa pili wangu, wa kiume, sasa ana miaka tisa, ana pumu. Baridi ile ikamshika kifua. Tulimkimbiza kwenye gari, dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye begi, begi liko majini. Tuliipata, akavuta, akapata nafuu, Mungu ni mwema. Lakini choo cha kambi kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, bomba linatoa maji ya chumvi, na muziki wa baa ya jirani haukuzimwa mpaka kunakucha. Asubuhi tulikunja hema vilevile, tukarudi Moshi. Mimi nilimwambia mke wangu, "Ni maji tu, mama, yatakauka." Hakunijibu njia nzima.

Sasa watoto wanadai bahari. Binti yangu mkubwa yuko darasa la sita, alifanya vizuri na nilimwahidi. Dada yangu mdogo ameolewa Tanga, anakaa Chumbageni, anasema tufikie kwake, mchana twende baharini, usiku turudi kulala ndani. Rafiki yangu anayeendesha magari ya watalii huko Arusha ananiambia achana na kambi za mjini, nenda Saadani, ulale kambi ya hifadhi, watoto waone tembo na bahari siku moja. Mimi moyo wangu uko Saadani, nasema ukweli. Hema bado lipo stoo. Mke wangu anasema niende na watoto wawili, yeye na mgonjwa wake watabaki. Nimemwambia aache woga, ndipo mambo yakaharibika zaidi.

Naomba unisaidie mambo mawili, Mama. Tukapige kambi wapi? Na nimwambie nini mke wangu?

Baba wa Watatu, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi nimezaliwa Pangani, nimeolewa Arusha, na nimepika kwenye kambi za safari miaka mingi kabla miguu haijachoka. Kwa hiyo umeniuliza jambo la kwetu kabisa. Nitaanza na ule usiku, kwa sababu nadhani hadi leo hujui hasa kilichowapata, na usipokijua utamchukua mkeo umrudishe palepale.

Kwetu mtoto hujua kabla hajaanza shule kwamba bahari ina siku za bamvua na siku za maji mafu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ni maji mafu. Siku za bamvua, pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Ufuko ukiwa bapa, mita hizo 3 za kwenda juu ni hatua nyingi mno za kuja upande wako. Na saa zake zinajulikana. Bamvua kwetu hufika kilele karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku.

Sasa rudi kwenye barua yako. Unasema mwezi ulikuwa umejaa. Unasema mlifika saa mbili usiku na bahari ilikuwa mbali. Unasema mchanga ulikuwa mgumu, vigingi vikashika. Baba, mchanga mkavu haushiki kigingi. Mchanga mgumu na tambarare ni ule ambao bahari imetoka kuukanyaga jioni ileile. Ulipiga hema ndani ya bahari, ila bahari ilikuwa imetoka kidogo. Saa kumi ikarudi kwake.

Sikulaumu wewe mtu wa bara kwa kutojua. Namlaumu aliyekuwa na kazi ya kujua. Mlinzi wa kambi ya pwani anayemwambia mgeni mwenye watoto "weka popote" usiku wa mwezi mpevu hafanyi kazi yake, na mwenye kambi anayefunga choo chenye wageni waliolipa hafanyi yake. Hao ndio mnaopaswa kuwakwepa mara hii, na kuwakwepa kunawezekana mkiwa bado Moshi.

Lakini kabla ya kambi, mkeo.

Umeliita jambo lake woga. Mimi naliona hivi: yeye ndiye aliyeamka kwanza. Yeye ndiye aliyemsikia mtoto akivuta pumzi kwa filimbi kifuani huku anapapasa majini gizani kutafuta begi. Mtu aliyepitia hayo anakumbuka, haogopi. Na wewe asubuhi ukamwambia "ni maji tu". Neno hilo ndilo lililolala kati yenu tangu mwaka juzi. Nenda ukae naye, watoto wakiwa wamelala, umwambie kwamba usiku ule alikuwa sahihi, kwamba hema uliliweka mahali pabaya kwa kutojua, na kwamba ulikosea kulipuuza. Usimalizie kwa "kwa hiyo tutaenda?" Mwache na maneno yako siku mbili tatu. Safari ijengwe juu ya hapo, na akisema hapana hata baada ya hayo, basi Chumbageni kwa dada yako pawe ndipo mtakapolala, na watoto wataiona bahari vilevile.

Akikubali kufikiria, hapa ndipo mimi ningewapeleka.

Saadani si mwaka huu. Najua moyo wako uko huko, na rafiki yako hajakudanganya. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ambayo wanyama wa nyika wanakutana na Bahari ya Hindi yenyewe: tembo, twiga, simba, viboko na mamba wa Mto Wami, na kasa wanaopanda kutaga mayai ufukweni Madete. Ni mahali pa kumpeleka mtoto akapakumbuka hadi uzeeni. Ila angalia nani anaenda na anaenda na nini. Kambi za hifadhi zetu kwa kawaida hazina uzio. Hapo ndipo utamu wake ulipo kwa mtu mzima, na hapo ndipo ugumu wake ulipo kwa mama mwenye mtoto wa miaka minne anayeamka saa nane kutaka choo. Nimelala miaka mingi kwenye kambi ya umma ya Simba pale ukingoni mwa Ngorongoro, nimemwona tembo akisimama kwenye tangi la maji na kunywa taratibu, mkonga unaingia na kutoka, hatua chache kutoka hema la wageni. Wageni wakubwa walikaa kimya wakatazama. Mtoto wa miaka minne hujui atafanya nini, na wewe mwenyewe hujui utafanya nini.

Kisha kuna Noah yako. Sehemu kubwa ya Saadani ni udongo mweusi, ule unaonata kama ugali mbichi ukilowa. Masika yanaishia Mei, na Juni mapema bado kuna mahali hapajakauka. Gari la chini litakwama, na utakwama ukiwa na mtoto wa pumu mbali na hospitali. Zaidi ya hayo kuna kambi za umma na kambi maalumu, na kambi maalumu ni uwanja mtupu, hakuna choo wala maji, unakuja na kila kitu chako. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipia asichokitaka. Subiri huyu mdogo afike miaka saba au minane, mkodi gari refu, umchukue na huyo rafiki yako awe dereva. Na kama hamu ikizidi, mkiwa tayari upande wa Pangani mnaweza kukodi gari la siku moja, mkaingia asubuhi mkatoka jioni, mradi muulize kwanza hali ya barabara na ya kuvuka mto.

Ningepiga kambi kati ya Tanga na Pangani, upande wa Kigombe na kuendelea kusini. Pale ufukwe ni mzuri, mivinje na minazi ipo, makelele ya mji yamebaki nyuma, na bado hamko mbali na Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Pangani nako kuna hospitali ya wilaya. Bahari ya upande huo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki yule wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani, kumbe wavuvi wa Tanga wanamvua kwa bahati mbaya kwenye nyavu zao. Binti yako wa darasa la sita atalipenda hilo, mwambie njiani.

Tena mwambie na hili, maana ndilo mimi ninalolipenda kuliko yote. Bila shaka mmewahi kuwapeleka kuogelea Chemka pale Boma Ng'ombe. Maji yale ya Chemka huingia Kikuletwa. Kikuletwa hukutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka humo yakiitwa Mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, kisha yanaingia baharini mbele ya mji niliozaliwa. Simameni jioni moja pale mlangoni mwa mto, maji ya rangi ya udongo yakiingia kwenye ya buluu, mwambie mtoto: haya yametoka kwetu. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa huku, ndipo nilipolijua. Nililia.

Sasa kambi ipi? Sitakutajia jina, kwa sababu kambi nzuri mwaka huu ikibadilisha mlinzi mwakani ni kambi nyingine. Nitakwambia jinsi ya kuijua. Kosa lako la kwanza, kabla hata ya hema, lilikuwa kuchagua kwa picha. Picha zote za kambi hupigwa mchana, maji yamejaa, jua linawaka. Nyinyi hamwendi kulala mchana. Ichunguze kambi usiku.

Chagueni kambi tatu. Jumamosi, saa tatu au saa nne usiku, mpigieni simu mlinzi wa kila moja. Na anayepiga awe mkeo, wewe kaa pembeni. Kwanza asikilize tu nyuma ya sauti ya mlinzi. Kama kuna baa jirani, ataisikia mwenyewe, hakuna haja ya kuuliza. Kisha amwulize: siku za bamvua maji yanafika wapi? Mtu anayejua kazi yake atajibu papo hapo, atasema yanafika kwenye mvinje fulani, au kwenye ngazi, au hayapiti ukuta. Anayesema "hayaji huku" bila kueleza, muagane naye kwa heshima. Amwulize maji ya bomba ni baridi au ya chumvi. Kwetu "maji baridi" maana yake maji matamu ya kunywa, si ya jokofu, msije mkapishana lugha. Amwulize choo kiko hatua ngapi kutoka hemani, kina taa, na ufunguo anakaa nao nani usiku. Mwisho amwulize yeye mlinzi analala saa ngapi. Mkeo ndiye atakayesema ipi. Akizikataa zote tatu, umezikataa na wewe.

Dada yako wa Chumbageni mtumieni ipasavyo. Aende kwenye hiyo kambi mliyoichagua siku moja ya kazi, aonje maji, afungue choo. Na usiku wa kwanza fikieni kwake. Kutoka Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350, na tairi la Hedaru umeshaliona. Msirudie kufika kambini gizani, hata mkiwa na mbalamwezi ya namna gani. Laleni ndani, asubuhi muende kambini mkiwa na mchana mzima mbele yenu.

Tarehe pia zitazameni. Likizo ya Juni ni ndefu, chukua kalenda yenye mwezi, tafuta siku ambazo mwezi ni nusu. Maji mafu hujaa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na hayaji juu sana. Kwa watoto ni salama zaidi, na usiku mtayaona yakifika mwisho wake kabla hamjalala, mkeo ayaone kwa macho yake. Hasara yake ni kwamba hayapwi mbali, kwa hiyo hamtatembea sana miambani kuokota kome na kutazama samaki wa vidimbwi. Mkitembea, viatu miguuni, maana kuna wale wenye miiba myeusi wanaokaa kwenye mawe na mwiba wao ukivunjikia unyayoni safari imeisha.

Hema lako sasa. Umesema mlilikunja vilevile, nalo liko stoo tangu Desemba ya mwaka juzi. Likunjue leo, usingoje Juni. Hema lililolala na maji ya chumvi huota ukungu, na ukungu ni adui mkubwa wa kifua cha mwenye pumu. Lioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, lianike juani siku mbili, ndani na nje. Kisha ingiza kichwa ndani uvute pumzi. Kama bado linanuka, au lina madoa meusi kwenye mishono, usimlaze mtoto humo. Azima jingine kwa huyo rafiki wa Arusha. Watu wa safari wana mahema mazuri, na Juni si yote yatakayokuwa porini.

Likishapona, lipigeni uani kwenu mlale humo usiku mmoja, wote watano. Nasema hivi kwa uzito kabisa. Mtajua nani anaamka, nani anaogopa, zipu ipi imekufa, na kifua cha mtoto kinasemaje. Mkeo akiwa uani kwake, mlango wa nyumba uko wazi, atapata nafasi ya kulizoea hema bila bahari.

Mkifika kambini tafuteni mstari wa mwani mkavu. Bahari huuacha kila inapojaa. Kutakuwa na miwili au mitatu, na wa juu kabisa, ule uliokauka na kuwa mweupe, ndio wa bamvua. Hema liwe juu ya huo, mahali majani yanayotambaa yameshaanza kuota. Lisiwe chini ya mnazi, hata kivuli chake kikikuita namna gani. Nazi na makuti makavu huanguka usiku pasipo kuaga. Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, nao una nguvu. Jifiche nyuma ya mivinje au kichaka, mlango uupe upepo mgongo. Na kwa kuwa mara hii mchanga utakuwa mkavu, vigingi havitashika. Jaza mchanga kwenye viroba vidogo, funga kamba ya hema kwenye kiroba, chimba shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko, ukifukie. Hata kusi ivume vipi, hilo halitoki.

Mtoto wa pumu apelekwe kwa daktari wake kabla ya safari, mumweleze mnakokwenda. Dawa ya kuvuta iwe mbili: moja mfukoni mwa mama, ya pili kwenye gari, na tochi moja ilale mahali mkono unapofika. Pikeni kwa mtungi mdogo wa gesi. Moto wa kuni na makuti ni mzuri kuuota, lakini moshi wake atauvuta yeye. Kama lazima uwepo, uwe chini ya upepo, mbali na hema. Neti ni lazima kwenu wote. Kilimanjaro na Arusha ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa hiyo watoto wa Moshi miili yao haijazoea. Karibu na mikoko kuna usubi pia, ule mdogo unaopita hata kwenye neti yenye matundu makubwa, jioni wavae mikono mirefu. Na mkisharudi Moshi, homa yoyote ya wiki mbili tatu za mwanzo msiite mafua. Mpelekeni mtoto akapimwe, mseme mmetoka Tanga.

Vijiji vya kwetu ni vya Waislamu wengi. Mkienda dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kununua asubuhi, mama na binti wajifunge kanga, msalimie kwanza, bei baadaye. Mtapewa samaki mzuri kuliko aliyepelekwa sokoni Tanga, na nazi ya kuunga juu.

Mambo ya gharama ulipe kidogo mbele, iliyobaki ukiona. Kambi ikitaka yote kabla hujafika, mwambie dada yako akailipe mkononi apewe risiti. Za hifadhi ni tofauti, serikali hulipwa kwa kontroo namba, hakuna mtu wa kumpa fedha taslimu.

Ondokeni Moshi saa kumi na moja alfajiri, tairi la akiba ulikague jana yake. Mkifika Segera mpinde kushoto. Na mtakapofika kambini siku ya pili, mpe binti yako mkubwa kijiti, aende na mama yake wakakichomeke pale juu kwenye mwani mweupe. Wewe usipige hema mpaka waseme.